Nilimfuata mke wangu Dodoma kwa miezi mitatu. Mitaa mitatu baadaye bado sijaelewa vizuri

Wakuu, poleni na majukumu ya kutwa.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, wa kupita na kusepa. Leo nimeamua kufungua uzi wangu mwenyewe kwa sababu hili jambo limenikaa kifuani, na nikilisimulia mtaani nitachekwa usoni. Bora mnicheke ninyi, hamnijui.

Kila nitakachoandika kimenitokea mimi. Majina ya watu nimebadilisha. Mitaa nimeiacha kama ilivyo, mitaa haina kosa.

Tusogee.

Mimi ni fundi cherehani. Suti, sare, suruali za kupunguza kiuno, hayo ndiyo maisha yangu tangu nikiwa kijana. Nilikuwa na fremu yangu Musoma, karibu na soko. Mke wangu, humu nitamwita Mama Bhoke, ni mtumishi wa umma. Anafanya kazi masijala, kule mafaili yanakotunzwa. Mtoto wetu ni mmoja, huyo Bhoke, wakati huo alikuwa na miaka minne.

Ikatoka barua ya uhamisho. Dodoma.

Mama Bhoke akatangulia na mtoto, mimi nikabaki na fremu. Tukaenda hivyo kwa simu mpaka dada aliyekuwa akimsaidia kazi za nyumbani akaaga kwenda kuolewa. Siku mbili baadaye nikapigiwa.

"Baba Bhoke, njoo hata miezi mitatu. Mtoto naenda naye ofisini, anachora kwenye bahasha za serikali."

Nikacheka. Nikamkabidhi mdogo wangu Marwa funguo za fremu, nikapanda basi. Kila aliyeniuliza nilimjibu hivyo hivyo: miezi mitatu tu, narudi.

Wakuu, huu ni mwaka wa tatu.

Tulianzia Kisasa. Mke wangu alikuwa amepanga nyumba ya uani kwenye kiwanja cha mama mmoja mwenye uwezo wake. Vyumba viwili, jiko na choo ndani, geti jeusi refu. Mtaa msafi, lakini kimya chake mimi nilikuwa sijawahi kukisikia. Kwetu ukikaa nje dakika tano umeshasalimiwa na watu kumi. Pale unamsalimia mtu, kioo cha gari kinapanda.

Ratiba yangu ikawa hii: asubuhi namuandaa Bhoke, nampeleka chekechea, narudi nafua, napika, namfuata mtoto, nasubiri mama yake. Sikuona shida. Mkono ulioshika pasi miaka kumi na tano hauwezi kushindwa kukamua gauni la mtoto.

Shida ilikuwa kwamba hakuna aliyejua mimi ni nani.

Siku moja nafagia mbele ya geti, mama mmoja akasimamisha gari, akanipa mfuko wa nyanya. "Kaka, mpelekee bosi wako, mwambie ni mama wa kanisani." Nikapokea. Nikasema asante mama. Nikampelekea mwenye nyumba nyanya zake.

Jioni nikamsimulia mke wangu tukacheka sana. Kisha yeye akanyamaza kabla yangu. Nikabaki nacheka peke yangu, ikabidi niache.

Jumamosi moja wakaja wafanyakazi wenzake wawili. Akanitambulisha: "Huyu ndiye Baba Bhoke. Yuko likizo."

Nikawaza, fundi wa kujiajiri likizo anapewa na nani? Ila nikapeana nao mikono na kuwakaribisha chai.

Mwezi wa tano tangu nifike wakaja wengine. "Baba Bhoke, yuko likizo." Mwezi wa nane hivyo hivyo. Likizo gani hiyo wakuu, hata mwalimu mkuu hapati.

Nilitaka kumuuliza: unanionea aibu? Kila nikijiandaa naahirisha. Nikiangalia, ni yeye analipa pango, ni yeye amechoka, na hajawahi kunifokea hata siku moja. Unaanzia wapi?

Mwenye nyumba akaja kusema mwanawe anaoa na ataihitaji ile nyumba. Tukahamia Nzuguni.

Nzuguni ni dunia nyingine. Nyumba zinaota kama uyoga, nusu zimekwisha, nusu zina nondo zimeangalia juu, na ule upepo wa mwezi wa saba unakuletea mchanga mpaka kwenye sufuria. Kila mtu ni wa kuja. Kushoto kwetu Msukuma, nyuma Mchaga, kulia ukuta kwa ukuta familia ya Kigogo, wenyeji, waliokuwapo hapo kabla hata barabara haijachongwa.

Huyo mama wa kulia ndiye Mama Yunisi. Siku ya kwanza tu aliona nimesimama na ndoo bombani nashangaa, akanisalimia kwa Kigogo, "Mbukwa, baba. Maji hapa yana siku zake. Leo siyo siku yake." Kisha akanigawia ndoo mbili kutoka kwenye pipa lake.

Bombani nilikuwa mwanaume peke yangu. Nikifika, maongezi yanakatika. Nikiondoka, kicheko. Lakini watu huzoea. Baada ya muda wakaanza kunitania, shemeji leo unapika nini. Mama Yunisi akanifundisha mlenda. Nilikuwa nachemsha mpaka unakuwa gundi ya kubandikia mabango, akanielekeza kipimo chake. Mtoto wake Yunisi na Bhoke wangu walikuwa darasa moja la chekechea. Kipindi cha kuvuna zabibu yeye huenda vibarua Makutupora, anaondoka alfajiri anarudi jioni. Yunisi akawa anashinda kwangu. Nawalisha wote wawili, nawaogesha, nawalaza mchana.

Kwa mara ya kwanza tangu nifike Dodoma nilikuwa na mtu wa kuongea naye. Sisemi zaidi ya hapo kwa sababu hapakuwa na zaidi ya hapo.

Siku moja mchana, nimekaa kwenye ndoo nachambua mchele, akaingia Baba Yunisi. Ni fundi ujenzi, mtu mpole, asiye na maneno. Akasimama.

"Kaka, sina ugomvi na wewe. Nauliza tu."

"Uliza."

"Mwanaume mzima unashinda nyumbani. Mke wangu anakuletea mlenda. Mtoto wangu anakuita baba mdogo. Ungekuwa mimi, ungeelewaje?"

Wakuu, hapo ndipo nilipokwama. Nilijaribu kwa dhati kabisa kujiweka kwenye viatu vyake, na mimi mwenyewe sikuelewa. Nikamwambia, "Kaka, hata mimi ningeuliza." Nilidhani nimejibu kiungwana. Kumbe yeye alisikia kama nimekiri.

Kesho yake nikaitwa kwa mjumbe wa mtaa.

Mjumbe wetu alikuwa Mama Sechelela, muuza mkaa, mama wa makamo asiye na muda wa kupoteza. Anapima mkaa huku anakuhoji, vidole vyeusi, daftari la wakazi limewekwa juu ya gunia. Baba Yunisi amekaa pembeni kwenye benchi, anaangalia chini.

"Kazi yako nini, baba?"

"Fundi cherehani."

"Cherehani yako iko wapi?"

"Musoma."

"Mkeo?"

"Kazini."

Akafuta mikono, akafungua daftari, akapitisha kidole. Akarudia tena. Kisha akanitazama, na safari hii kwa huruma, jambo lililoniumiza kuliko yale maswali.

"Humu nyumba yenu imeandikwa watu wawili. Mama na mtoto."

"Aliyeandikisha nani?"

"Mkeo mwenyewe, siku mlipohamia."

Kesi yenyewe iliisha palepale. Mama Sechelela alimwambia Baba Yunisi kwamba kama hana alichokiona kwa macho asimletee yeye maneno ya bombani. Lakini mimi sikuwa nasikia tena. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani bila kuvua viatu, nikijiuliza, kama simo, basi muda wote huu ni nani aliyekuwa anapika?

Mama Bhoke aliporudi alikuwa ameshasikia. Mtaa una miguu.

"Kushinda na mke wa mtu!" akaanza. "Mtaa mzima unaongea. Mimi nitaweka wapi uso?"

"Kwenye daftari la mjumbe mimi simo," nikamwambia.

Akaweka mkoba chini polepole.

"Ulisema miezi mitatu," akasema.

Hayo tu. Nikayapokea kama mtu aliyeonyeshwa mlango. Siku ya tatu nikapanda basi la Musoma. Bhoke akanipungia mkono akidhani naenda sokoni.

Njia nzima, Singida, Shinyanga, Mwanza, nilijipa moyo: narudi kwangu. Kwangu ninajulikana.

Nikafika kwenye fremu. Marwa alifurahi kweli, akanikumbatia. Lakini fremu niliyoiacha siyo niliyoikuta. Rangi mpya, kibao kipya, vijana wawili wanashona, magauni ya sherehe yamening'inia kila kona. Pembe yangu ya dirishani ilikuwa na friji ya soda. Cherehani yangu imefunikwa kitambaa nyuma ya mlango.

"Kaka karibu, kaa," akaniambia. Akanikalisha kwenye benchi la wateja.

Akaingia mteja, dada mmoja. Akanisalimia, kisha akamuuliza Marwa, "Huyu mgeni wako?"

"Kaka yangu," Marwa akajibu kwa fahari. "Anaishi Dodoma."

Sikumlaumu. Marwa hakunidhulumu chochote. Alipewa fremu inayolala akaiamsha, ningemwambia nini? Nilikaa pale wiki tatu. Nashona kidogo, nakunywa soda, wateja wote ni wake. Jioni napiga simu nizungumze na Bhoke. Mama yake anampa simu bila kusema neno, na mimi sisemi neno. Mtoto ananiambia, "Baba, mbukwa," kwa lafudhi ya Kigogo kabisa. Nikikata simu natoka nje nasimama tu.

Wiki ya nne simu ya Mama Bhoke ikawa haipatikani. Siku moja. Mbili. Tatu.

Siku ya nne nikamwambia Marwa, "Mdogo wangu, fremu ni yako. Mimi nipe cherehani yangu."

Akaitoa nyuma ya mlango. Kisha akaisafisha yeye mwenyewe, akaipaka mafuta, akanifungia kichwa kwenye boksi na miguu kwenye gunia. Tukaagana.

Nililala Mwanza, nikafika Dodoma kesho yake jua likiwa bado kali. Stendi kuu iko upande huo huo wa Nzuguni, nikachukua bajaji na mzigo wangu moja kwa moja hadi nyumbani.

Nyumbani kuna kufuli lisilo letu. Kwenye kamba kuna nguo za watu nisiowajua. Mlangoni viatu vya mwanaume, vikubwa kuliko vyangu.

Nilimwomba dereva wa bajaji anisubiri, nikasimama, nikashindwa hata kupanga mawazo. Ameolewa? Amehamishwa? Mtoto? Kwa Mama Yunisi sikuthubutu kugonga. Nikaenda kwa Mama Sechelela.

Alikuwa anapima mkaa kama nilivyomwacha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe! Ulikuwa wapi? Kaa."

Akanisimulia. Baada ya mimi kuondoka, siku ya maji, watu wamejaa bombani, Baba Yunisi naye amekuja na mkokoteni wake wa madumu, Mama Bhoke aliweka ndoo chini akamkabili mbele ya wote.

"Akamwambia, mume wangu aliacha kazi yake aje amlee mtoto wake. Na wako naye kamlea, kamlisha, kamwogesha. Badala ya asante umempa kesi. Baba wa watu alitamani ardhi ipasuke."

Mke wangu huyo? Ambaye hata konda akimzidishia nauli ananyamaza?

"Kisha akaja hapa," Mama Sechelela akaendelea. "Akaniambia fungua daftari, andika jina la mume wangu. Nikamwambia mama, mwenyewe ameshaondoka. Akasema andika. Nikaandika."

Akalifungua, akanionyesha. Jina langu kamili. Kazi: fundi cherehani. Limeandikwa kwa kubanwa kati ya mistari miwili, na alama ya kidole cha mkaa pembeni.

"Wiki iliyofuata akahama, mtaa ulishamchosha," akasema. "Sasa wewe nikufute au nikuache?"

Nilikuwa mkazi halali wa mtaa ambao hakuna mtu wangu anayeishi.

"Amehamia wapi, mama?"

"Zuzu. Kuvuka mji wote, upande wa reli."

Najua mnachotaka kusema wakuu, na dereva wa bajaji alikisema kabla yenu. "Kwa hiyo kaka unakwenda Zuzu?" Nikamwambia ndiyo, na nadhani nimechelewa kufika.

Kule ni kijiji kinachogeuka mji. Tuliuliza nyumba tatu. Mama mmoja akasema, "Yule mama mwenye mtoto anayesalimia kila mtu?" Nikajua tumefika.

Bhoke aliniona kwanza. Akapiga kelele, akakimbia, akagonga boksi la cherehani na goti, akalia, akacheka, vyote kwa pamoja. Mama yake akatoka na mwiko mkononi.

Akaangalia boksi. Akaangalia gunia.

"Umekuja na cherehani."

"Nimekuja nayo."

"Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo," akasema, kana kwamba ndicho nilichouliza. "Namba yako siikumbuki kichwani, ya dada yako tu ndiyo niliikuta kwenye kijitabu cha zamani. Nilimtumia ujumbe dada yako kwa simu ya mtu, hakujibu."

"Dada amebadilisha namba."

Akaliangalia tena boksi.

"Kwa miezi mingapi?" akauliza.

"Sijui."

"Afadhali hiyo sijui."

Akanipokea gunia.

Baadaye, tumekaa, nikapata kuuliza lile swali la likizo. Akanishangaa. Akaniambia mimi ndiye nilikuwa namwambia kila mtu, mwenye nyumba, mwalimu wa Bhoke, hata muuza genge, kwamba niko pale kwa muda tu. "Nikaona unaona haya kuwa hapa. Nikakutafutia neno lisilokuumiza. Na kwa mjumbe nikaogopa kukuandika, nikaona siku nikija kukufuta nitajisikiaje."

Kwa hiyo wakuu, muda wote huo mimi nadhani ananionea aibu, yeye anadhani najionea aibu, na kila mmoja anamstahi mwenzake kwa kunyamaza. Nani alikuwa sahihi? Nimefikiria sana. Kuna siku naona yeye, kuna siku naona mimi, kuna siku naona Baba Yunisi ndiye peke yake aliyeuliza swali.

Nikafunga cherehani barazani. Ukuta wa tofali mbichi, bati juu, basi. Mteja wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyetaka kitenge kishonwe mfuko wa ndani wa kuwekea tumbaku. Kisha zikaja sare za shule. Mchana bado napika, bado namfuata Bhoke shule, naacha kitambaa chini ya sindano naenda. Mteja akikuta sipo anakaa ananisubiri.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Ila kuna jambo moja ndilo hasa limenifanya niandike.

Mwezi uliopita baba yangu mzazi alikuja kututembelea. Ni dereva mstaafu wa malori, mtu wa amri, asiyewahi kuingia jikoni hata kuulizia chumvi. Ndugu zangu wengine walishamjaza maneno kwamba kijana wake kaolewa Dodoma. Nililijua hilo. Nilijiandaa.

Siku ya kwanza akaniona nafua soksi za Bhoke. Kimya. Siku ya pili akaniona napakua chakula, mke wangu bado yuko kazini. Akala, akanawa, kimya. Siku ya tatu alikaa barazani kutwa nzima akiangalia wateja wakiingia na kutoka, akiangalia na mimi nikiondoka kumfuata mtoto. Mke wangu aliporudi akampigia magoti, mzee akaitika "Marahaba mwanangu," kwa sauti nzuri tu. Kwangu hakuna neno.

Asubuhi ya kuondoka, begi liko mlangoni, bodaboda imeshaitwa. Nikasema sasa linakuja. Nikasimama mbele yake kama mtoto.

Mzee akavua shati lake jeupe la safari, akabaki na singlendi. Akanipa.

"Kola imelika," akasema. "Igeuze."

Nikakaa. Nikafumua ile kola, nikaigeuza upande mzima ukaja juu, nikashona taratibu, mshono mdogo mdogo kama alivyokuwa anapenda mama yangu. Yeye amesimama nyuma yangu anaangalia. Bodaboda inapiga honi. Nikapiga pasi, nikampa. Akavaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu, akajipapasa shingoni.

Akapanda bodaboda akaondoka.

Mpaka leo sijui wakuu. Kama alikuwa ananiambia nimekubali, au kola ilikuwa imelika tu.

Nilichojifunza ni kidogo: unapofika mahali, mwambie mwenzako kwa mdomo wako umekuja kufanya nini na unaona haya wapi, hata kama ni mkeo wa miaka kumi. Hasa kama ni mkeo wa miaka kumi. Kunyamaza kwa heshima kulinigharimu mitaa miwili.

Hilo la mzee nawaachia. Wenye baba wa namna hii mnaosoma hapa, hebu nisaidieni, mnalitafsiri vipi? Na wanaume mliofuata wake zenu kwenye uhamisho, najua mpo, jitokezeni tusikie. Wa kunitukana naye ruksa, nina baraza yenye kivuli na leo sina mteja.